Mikono miwili ya Belmonte: kosa la utotoni lililozaa mataji 15

Mtu aliyekaa kwenye baraza la kahawa Ngamiani, Tanga, akionyeshwa kwenye simu jinsi Jason Belmonte wa Australia anavyorusha mpira wa bolingi hachelewi kusema: "Mbona anarusha kitoto?" Mwenye simu ataleta ushahidi kwamba huyu ana mataji makubwa 15, na hakuna mwingine aliyefika hapo. Mbishi hatoki alipo. "Bingwa gani, kaka, anakumbatia mpira kama anahamisha ndoo ya maji?"

Mbishi amepatia kuliko anavyojijua. Belmonte anarusha kitoto kwa sababu alianza akiwa na miezi 18, na mikono miwili, ambayo watoto wengine huachishwa wakipata nguvu, yeye hakuiacha. Kisa chake kinafaa kuchambuliwa kwa hilo: kitu kilichohesabiwa kuwa kasoro kilimpa nini, na kilimdai nini.

Kwanza vipimo, kwa anayeujua mchezo huu kwenye simu tu. Kutoka mstari wa faulo, ambao mrushaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18.29. Aliyezoea uwanja wa Mkwakwani asimame kwenye mstari wa goli, ahesabu hadi ukingo wa boksi la penalti, kisha aongeze hatua mbili. Upana wa njia ni sentimita 105 hivi, umegawanywa kwa mbao 39, na kila pembeni kuna mtaro. Mpira una ukubwa sawasawa na wa kandanda namba 5, kipenyo sentimita 21.6, lakini uzito wake unaruhusiwa kufika ratili 16, sawa na kilo 7.26. Wachezaji wengi wa kulipwa hutumia wa ratili 15. Pini ni kumi, zimepangwa pembetatu kwa safu za 1, 2, 3 na 4, na namba zinaanzia mbele, kila safu kutoka kushoto; kila moja ina urefu wa sentimita 38 na uzito wa kilo moja na nusu na ushei.

Hesabu ya pointi nayo ina ujanja wake. Ukiangusha zote kwa mpira mmoja, ambayo ndiyo straiki, unapata 10 pamoja na pini za mipira miwili inayofuata. Ukizimaliza kwa mpira wa pili, hiyo ni spea, unaongezewa mpira mmoja tu. Straiki 12 mfululizo ni 300. Mtu anayeangusha tisa kila mara kisha akasafisha ile moja iliyobaki hapati zaidi ya 190, ingawa hakukosea hata fremu moja, yaani zamu moja. Kwa hiyo bingwa hutafutwa kwenye straiki, na straiki haitafutwi kwa nguvu.

Njia imepakwa mafuta

Hapa ndipo watazamaji wengi wanapopotea, maana mafuta hayaonekani kwenye simu. Kabla ya mchezo, mashine hupita juu ya njia na kumwaga mafuta kama mililita 25 hadi 30, kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Hayaenei hadi mwisho. Kwenye kumbi za kawaida hufika kama futi 40, na theluthi ya mwisho inabaki kavu. Kwenye mashindano ya kulipwa urefu hubadilishwa, kuanzia futi 33 hivi hadi 48, na kubadilisha urefu huo ni kubadilisha mtihani mzima.

Tanga ni mji wa baiskeli, na mwendesha baiskeli ataelewa mara moja. Ukipita kwenye maji huku umekata usukani, tairi linateleza na baiskeli inaendelea mbele. Ukifika pakavu linakamata, baiskeli inageuka ghafla. Mpira wa bolingi hufanya hivyohivyo: unateleza kwenye mafuta ukiwa na mzunguko wa pembeni, unafika pakavu, unakamata, unakata kona kuelekea pini, kisha unabingirika hadi unagonga.

Nao unatakiwa ugonge mahali pamoja. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia ni upenyo kati ya pini namba 1 na namba 3, kwenye ubao wa 17 na nusu kuhesabu kutoka kulia, na uingie kwa mshazari wa kama digrii 6. Anayerusha mpira ulionyooka, hata akianzia ukingoni kabisa kulia, hapati zaidi ya digrii moja na nusu, kwa sababu njia ni nyembamba na ndefu mno. Mpira wake ukigonga pini ya kwanza unasukumwa pembeni na kuiacha ya katikati imesimama. Mpira unaokata kona una mshazari wa kutosha kushika njia yake hata baada ya kugonga.

Straiki safi ukiitazama polepole ni jambo la kushangaza: mpira wenyewe unagusa pini nne tu, namba 1, 3, 5 na 9. Zilizobaki zinaangushana. Ya 1 inampiga 2, 2 anampiga 4, 4 anampiga 7. Ya 3 inampiga 6, na 6 anampiga 10. Ya 5 inamtoa 8. Mshazari ukipungua hata digrii mbili, mnyororo mmoja kati ya hiyo unakatika.

Kwa hiyo tafsiri ya swali la barazani ni hii: nani anaweza kuupa mpira wa kilo saba mzunguko mwingi wa pembeni bila kupoteza mwendo? Mtindo wa mkono mmoja, ambao vizazi vya mabingwa walifundishwa, huwapa wengi mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika wakati wa kuachia. Wa mikono miwili huanzia kama 450 na kupanda, wengine hupita 500. Tofauti yote inatoka kwenye kidole gumba.

Mpira mmoja, hatua kwa hatua

Anayetumia mkono mmoja huingiza vidole vitatu: gumba, cha kati na cha pete. Gumba ndilo linalobeba uzito, lisipokuwemo mpira unaanguka nyuma. Lakini gumba hilohilo linauzuia mkono kukaa chini ya mpira, na ni lazima lichomoke kabla ya vidole vingine. Likichelewa kidogo, mpira unatua kwa kishindo. Likiwahi, unadondoka njiani. Wachezaji huhangaika na vipande vya mkanda ndani ya tundu, kuongeza kimoja au kutoa kimoja, kwa kuwa gumba huvimba na kusinyaa mchezo ukiendelea.

Belmonte hatumii gumba. Huingiza vidole viwili vya mkono wa kulia, kiganja kinakaa chini ya mpira, na mkono wa kushoto unaushika kwa mbele usidondoke. Anatembea amejikunja kiunoni, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Mikono yote miwili ikiwa juu ya mpira, haiwezi kuupeleka nyuma juu sana, mwili unakataa. Kasi aliyoikosa kwenye bembea anaitafuta miguuni, kwa kiruko kifupi katika hatua za mwisho kabla ya kuteleza na mguu wa kushoto. Mkono wa kushoto unabanduka dakika za majeruhi kabisa. Kinachobaki ni vidole viwili chini ya kilo saba, kifundo cha mkono kimekunjwa, na vidole vinapopita kutoka chini kwenda pembeni vinaukwangua mpira kama mtoto anayefyatua pia ya kuchezea.

Ukimsimamisha pichani wakati mkono wa kushoto umeshabanduka, utaona jambo ambalo wapinzani wake wa mwanzo hawakulitazama vizuri: huo ni mrusho wa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa msaidizi wa kubeba.

Ndipo alipofika mtoto wa miezi 18. Belmonte alizaliwa Julai 29, 1983 katika mji wa Orange, jimbo la New South Wales, kilomita kama 250 magharibi ya Sydney, safari fupi kuliko ya Tanga na Dar. Wazazi wake walikuwa na ukumbi wa bolingi mjini humo. Mtoto wa umri ule hawezi kunyanyua mpira kwa mkono mmoja, kwa hiyo aliusukuma kwa miwili. Kila mtoto hufanya hivyo. Alipokua aliambiwa mara nyingi arudi kwenye njia ya watu wazima, akakataa, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa wa nyumbani hakuna aliyeweza kumfukuza kwa ajili ya mtindo wake. Jambo hilo la mwisho halisemwi sana, nalo lina uzito. Mtoto mwingine mwenye kipaji kilekile, kwenye ukumbi wa watu, chini ya mwalimu mkali, angenyooshwa kabla ya kufika miaka kumi.

Mataji, na lile lililokawia

Alipoingia ligi ya kulipwa ya Marekani, PBA, msimu wa 2008 hadi 2009, wengi walidhani mtindo wake ni kama wasemavyo wa mjini kwetu, waja leo waondoka leo. Msimu uleule alichukua taji la kwanza na tuzo ya mchezaji chipukizi. Hakuwa peke yake, maana Osku Palermaa wa Finland naye alikuwa akirusha kwa mikono miwili enzi hizo. Ila Belmonte ndiye aliyekaa kileleni.

Mwaka 2013, 2014 na 2015 alishinda USBC Masters, ya shirikisho la bolingi la Marekani (USBC), mara tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na yeyote, na 2017 akaongeza ya nne. Mwanzoni mwa 2019 alishinda Tournament of Champions, akafikisha mataji makubwa 10 na kulingana na Earl Anthony na Pete Weber. Wiki chache baadaye akachukua PBA World Championship, la 11, akawa peke yake. La 15 lilikuja 2023, Tournament of Champions yake ya nne. Amekuwa Mchezaji Bora wa Mwaka mara saba, sawa na Walter Ray Williams Jr. Mtu wa barazani asidanganywe, hata hivyo: kwa jumla ya mataji yote, makubwa na madogo, Williams ana 47 na Belmonte hajamkaribia. Ubingwa wake uko kwenye yale mazito.

Linalofundisha zaidi ni U.S. Open, la mwisho kuingia mkononi mwake kati ya mashindano matano yanayohesabiwa kuwa makubwa. Alilipata Februari 2020, Lincoln, Nebraska, miaka zaidi ya kumi baada ya kuanza, akawa mtu wa pili baada ya Mike Aulby kukamilisha yote matano.

Kwa nini lile likawie? Jibu liko kwenye mafuta. Ukumbi wa kawaida hupaka mafuta mengi katikati na machache pembeni, hata mara kumi. Mpira ukienda nje sana unakuta pakavu na kurudi wenyewe, ukienda ndani sana unakuta mafuta na kushikiliwa, na mkosaji anasamehewa pande zote mbili. Kwenye njia za mashindano uwiano hushushwa hadi tatu kwa moja au chini yake, na U.S. Open inajulikana kwa mafuta yaliyosambazwa karibu sawasawa. Pale hakuna msamaha. Mwenye mzunguko mkubwa ndiye anayeadhibiwa zaidi, kwani kosa dogo la kiganja linakuwa kosa kubwa mita 18 mbele. Silaha yake ilimgeukia, ikabidi ajifunze kuipunguza makali: kunyoosha kifundo, kuongeza mwendo, kuchagua mpira usiokamata sana.

Kazi hiyo ya kupunguza haionekani kwenye video za kusifia, nasi tunaiona ndiyo sehemu bora ya ufundi wake.

Malalamiko ya wenzake

Kulikuwa na wachezaji walioita mtindo huo udanganyifu. Sheria haikuwaunga mkono: hakuna kifungu kilichosema mpira urushwe kwa mkono mmoja. Hoja yenye mashiko zaidi ilikuwa ya tundu. Zamani mpira uliruhusiwa tundu la ziada la kurekebisha uzito, na asiyetumia gumba angeweza kuwa na tundu la gumba asilolitumia, likamfanyia kazi hiyo. Kuanzia Agosti 1, 2020, USBC ilipiga marufuku matundu ya ziada, na kila tundu la kushikia lililotobolewa lazima litumiwe kila mrusho. Leo mpira wa mtu wa mikono miwili una matundu mawili tu. Kijana akipewa mpira wa mtumba wenye matundu matatu, asiutumie bila gumba kwenye mashindano yanayofuata kanuni hizo.

Lalamiko jingine ni la mafuta. Kila mpira unaopita unafuta mafuta na kuyakokota mbele kidogo. Mpira wenye mizunguko 500 unafuta haraka zaidi, na anayefuata kwenye njia hiyohiyo anakuta imebadilika. Ni kweli, wala si kosa la mtu. Ndiyo maana Belmonte anaonekana akihamia kushoto mchezo ukiendelea, mpaka anasimama karibu na mtaro wa kushoto na kuutupa mpira kuelekea mtaro wa kulia, kama ameamua kuuzamisha. Anatafuta mafuta ambayo hayajaguswa.

Kuna kanuni ya kuanzia ambayo makocha huitumia: chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31, unapata ubao ambao mpira unatakiwa uwe unapotoka kwenye mafuta. Mafuta ya futi 40 yanatoa ubao wa 9 kutoka kulia, kama sentimita 24 kutoka mtaroni. Ni pa kuanzia tu. Baada ya fremu tano mafuta si yaleyale.

Kinachoharibika

Mgongo wa chini na goti ndivyo vinavyolipa. Kujikunja kiunoni huku bega moja limeshuka, kisha kujizungusha, mara mia kwa siku, si mzigo mdogo. Wanaoiga kwenye simu huiga kujikunja na kusahau miguu, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Kosa la pili la waigaji ni kuachia kwa mikono yote miwili pamoja: mkono wa kushoto ukichelewa kubanduka unaufuta mzunguko, mpira unakwenda kama umesukumwa.

Na kuna pini namba 10, ile ya pembeni kulia nyuma. Mpira unaokata kona kwenda kushoto unaikimbia. Dawa ya kawaida ni mpira wa plastiki usiokamata na kiganja kilichonyooka, urushwe mshazari kutoka kushoto. Kwa spea za upande wa kushoto, makocha hufundisha kuhama na miguu kwenda kulia mbao 3, 6 au 9, kadiri pini ilivyo mbali, huku jicho likibaki kwenye alama ileile.

Mikono miwili haikuua mmoja, pamoja na hayo. Anthony Simonsen alishinda Masters 2016 akiwa na miaka 19, na mwaka huohuo Jesper Svensson wa Sweden, mwenye shoto, alichukua Tournament of Champions, wote kwa mikono miwili. Lakini Mchezaji Bora wa 2016, na tena wa 2023, ni E.J. Tackett, anayetumia mkono mmoja na gumba lake ndani.

Jaribio la uwanja wa shule

Mwalimu wa michezo wa Tanga anayetaka wanafunzi waone mafuta yanavyofanya kazi hahitaji ukumbi. Mpira wa kandanda una kipenyo kilekile, kwa hiyo nafasi kati ya pini haibadiliki: sentimita 30 na nusu kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jirani yake. Kinachobadilika ni uzito. Mpira halisi ni mzito kuliko pini mara nne na nusu hivi. Mpira wa kandanda una gramu kama 430, gawanya, unapata gramu 95. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, ikitiwa maji vijiko vinne vya chakula, inakaribia hapo. Ukijaza mchanga, kama wengi wanavyofanya, chupa haziangushani, na mchezo wote upo kwenye kuangushana.

Chora kwenye sakafu ya saruji laini njia ya mita 9, upana mita 1.05. Mita 6 za mwanzo zimwagiwe maji yenye povu la sabuni, mita 3 za mwisho ziachwe kavu kabisa. Mtu yeyote asikanyage mbele ya mstari, ataanguka, na atakokota sabuni hadi pakavu. Mpira ukaushwe kwa kitambaa kila mrusho, la sivyo wenyewe unalowesha pakavu na baada ya mara nne hakuna kinachokata kona. Kwenye kumbi halisi wachezaji hufuta mpira wao kwa sababu hiyohiyo.

Mtoto aanze kwa mikono miwili, wa kulia chini, wa kushoto mbele, aukwangue kwa vidole kuelekea kushoto wakati wa kuachia. Mpira utateleza, kisha utageuka. Chupa ya 10 ikibaki imesimama, usitazame hiyo, tazama namba 6 imekwenda wapi. Ikiwa imeruka na kumzunguka jirani yake shingoni, mpira uliingia kwa nguvu ila umekosea kidogo tu: asogee nusu hatua. Ikiwa imelala chali ukingoni bila kumgusa, mpira ulifika umechoka, na miguu ndiyo ya kurekebishwa kabla ya mkono.